Mkunga wa Tumba na Kofia Nyekundu ya Jua

Sitaeleza alizaliwa lini wala ukoo wake ulikuwa upi, kwa kuwa sikuwepo, na waliojitolea kunisimulia hayo hawakuwepo pia. Nitaeleza habari za mwanamke niliyemwona kwa macho yangu kwa zaidi ya miaka ishirini, hapa Stockholm, ambaye sisi tusemao Kiswahili kati ya Flemingsberg na Tumba tulimwita Mkunga. Alitoka Bukavu, katika Kivu, mashariki mwa Kongo. Kazi ya ukunga aliifanya huko, akaisomea upya kwa Kiswidi alipofika huku, akaifanya tena hadi alipostaafu. Na ni vyema niseme mapema kwamba nilimkosea. Nilisimama mbele ya watu nikamshutumu kwa jambo ambalo hakulitenda, mimi niliyekuwa nikijulikana kwa kukataa habari za kusikia. Ndiyo maana katika maelezo haya nitapima kila neno.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na hakuvaa viatu vingine isipokuwa vile vya soli ya mbao vinavyovaliwa na wauguzi wa hapa. Alivivaa kazini, alivivaa kanisani, alivivaa hata kwenye theluji, na ulipopanda ngazi za kituo cha treni cha Tumba ulijua kama ametangulia kwa ule mlio, ko-ko, ko-ko. Padri mmoja alimwomba kwa upole avivue wakati wa Ekaristi. Akamjibu, "Padri, Yesu mwenyewe alikuwa fundi wa mbao, atasikia nani anakuja." Hilo nililisikia mwenyewe, nilikuwa nimeketi benchi la nyuma yake.

Baada ya kustaafu alikodi kishamba pembezoni mwa Tumba, miongoni mwa vile vishamba vidogo vyenye vibanda ambavyo Waswidi huviita koloni. Neno hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Kila mgeni aliyefika alisimamishwa langoni na kuambiwa, "Karibu. Miye nilikimbia koloni moja, sasa nimekuja kukodi ingine, na hii niko namwagilia maji." Halafu alicheka peke yake, kwa muda mrefu, akishikilia jembe.

Katika kishamba hicho alipanda viazi, vitunguu na mchicha uliokataa kumea. Lakini upande wa kusini, ukutani mwa kibanda, alikuwa na safu tatu za ua ambalo Waswidi huliita kofia nyekundu ya jua, ingawa si jekundu. Rangi yake ni kati ya zambarau na waridi. Petali zake huning'inia kama zimechoka, na katikati hukaa tumba gumu lenye miiba, mfano wa kalunguyeye aliyejikunja. Mkunga hakulipenda ua lenyewe. Alisema lina sura ya mwanamke aliyefiwa na kofia yake ikalowa. Alichokitaka kilikuwa mzizi.

Watu wetu waliamini kwamba ni dawa ya Kivu. Nilisikia hivyo Husby, upande wa pili wa jiji, nilisikia hivyo Flemingsberg, na mama mmoja wa Kirundi aliniapia kwamba bibi yake aliichimba katika vilima vya kwao. Nilimweleza kwamba ua hilo halikuota katika vilima vya kwao, kwa sababu asili yake ni Amerika ya Kaskazini, mashariki na katikati ya bara lile, na Afrika limefika, kama limefika, ndani ya vyungu vya bustani. Alikasirika. Nikaenda kumwuliza Mkunga mwenyewe.

"Kivu?" akasema. "Banasema hivyo? Miye nilinunua miche hapa chini, pale wanauza udongo na vyungu. Ilikuwa na karatasi."

"Na matumizi yake umeyajuaje?"

Akanionyesha kishamba cha jirani. Mswidi mmoja mzee wa hapo, marehemu sasa, alimweleza kwamba shangazi yake alihamia Amerika akiwa msichana, akakaa karibu na wenyeji wa nyika, akawaona wakitafuna mzizi huo meno yanapouma. Nilihesabu masikio: shangazi, mzee, Mkunga, mimi. Nikaliweka kando jambo hilo nikaenda maktaba. Nilirudi baada ya wiki mbili nikiwa na maelezo niliyoweza kuyasimamia. Wenyeji wa nyika zile, Walakota miongoni mwao, walitafuna mzizi kwa ajili ya jino, koo na kikohozi. Waliuponda wakaubandika juu ya jeraha, jipu na mahali palipoumwa na nyoka. Na wao hasa walitumia aina yenye majani membamba, ilhali hii ya Tumba ni ndugu yake wa majani mapana. Kuhusu mafua, nilimwambia, wataalamu wa siku hizi bado wanabishana: wengine wanaona msaada kidogo, wengine hawaoni kitu.

Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea jembe. "Kwa hiyo mutu wa zamani alisema kweli," akasema, "na weye umepanda treni kwenda kuhakikisha kama marehemu hadanganyi."

"Nimehakikisha."

"Asante, Muzee. Sasa shika kapu."

Alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa ajili ya mtu yeyote. Hakutoa mzizi ila wakati wa vuli, wa mmea uliotimiza miaka mitatu, na hakumpa mtu kabla mtu huyo hajatafuna kipande mbele yake. Mzizi uliokomaa huufanya ulimi usisimke kisha ufe ganzi. Mkunga alisimama na mikono kiunoni akiuliza, "Ulimi umelala?" Kama haukulala, mzizi ule ulirudi kwenye lundo la mbolea, na aliyeuomba alirudi nyumbani. Mimi, niliyefanya kazi miaka thelathini katika maabara ya hospitali, niliuheshimu utaratibu huo kuliko mambo mengi niliyoyaona kwa wenye shahada.

Alikuja kijana mmoja Mkenya, dereva wa basi, mwenye haraka. Mkunga akamkata kipande kutoka kwenye bakuli jingine, akampa.

"Ulimi umelala?"

"Umelala kabisa, Mama. Hata mdomo wote. Siwezi hata kuongea vizuri, aki."

"Umelala?"

"Kabisa!"

"Hiyo ni karoti nyeupe, mtoto wangu. Ya supu."

Sisi tuliokuwepo tulicheka hadi Waswidi wa vishamba vya jirani wakainuka kuchungulia. Dereva alijifunika uso kwa kofia yake ya kazi. "Sasa Mama, umeniaibisha mbele ya wazee."

"Nimekuponyesha uongo," akamwambia. "Mafua rudi nayo wiki ijayo."

Na kweli alirudi.

Hakukubali kuitwa mganga. Aliyemwita hivyo alipewa kikombe cha maji na kuonyeshwa lango. Mwenye homa ya siku tatu hakupewa mzizi. Alipelekwa kituo cha afya, na mara nyingine Mkunga mwenyewe alimsindikiza, akaketi naye mapokezini, akazungumza kile Kiswidi chake cha sauti ya juu ambacho kilikuwa sahihi kwa sarufi na cha kutisha kwa lafudhi. Mjamzito hakupewa. Mtoto mchanga hakupewa. Aliyekuwa akitumia dawa za daktari aliambiwa azilete zote ndani ya mfuko, na Mkunga alivaa miwani akasoma kila karatasi hadi mwisho, hata yale maandishi madogo ambayo mimi najua kwamba madaktari wenyewe hawayasomi.

Ila utaratibu wake wa ajabu zaidi ulikuwa wa kusikiliza. Nyuma ya kibanda aliweka ndoo mbili zilizofudikizwa. Mgonjwa aliketi juu ya moja. Mkunga hakuketi juu ya nyingine. Alimpa mgonjwa mgongo, akapiga magoti kwenye tuta, akang'oa magugu. Nilimwuliza sababu.

"Nikimuangalia usoni atasema vile miye ninapenda kusikia," akasema. "Nikimupa mugongo, atasema na mugongo. Mugongo haukasiriki. Miaka mingi nilikuwa nashika tumbo za bamama huku naangalia ukuta. Njo vile walisema kweli."

"Na wakishasema?"

"Bameshasema. Inabaki pale kwenye majani."

Hakika ilibaki. Katika jumuiya yetu, ambamo habari ya talaka hufika Husby kabla wenye ndoa hawajaamka, sijapata kusikia neno hata moja lililotoka nyuma ya kibanda kile. Watu waliketi naye kahawani Jumapili, huyu akijua kwamba Mkunga anajua yake, na yule akijua kwamba anajua yake, naye akazungumza habari za mpira wa magongo wa barafuni, mchezo alioupenda kwa ukali usiolingana na umri wake.

Msinielewe kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa na majivuno ya kitambaa cha kichwa na hakusamehe aliyevaa kingine chenye rangi ileile. Katika karata aliiba waziwazi, na akikamatwa alisema ni uzee. Aliwakemea kina mama kwa sukari, kisha nikamkuta stesheni ya Flemingsberg ameficha mkate wa mdalasini ndani ya mkoba, akiumega bila kuutoa. Na siku moja ya baridi nilimtembelea akiwa na mafua makali, nikatazamia kumkuta na kikombe cha mzizi wake. Alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili, na juu ya meza palikuwa na vidonge vya kawaida vya dukani.

"Mama," nikasema, "na ule mzizi?"

"Ule ni muchungu," akasema, akageukia ukutani.

Nafika sasa kwenye kosa langu.

Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa viungo, ule ambao mwili wenyewe huushambulia mwili. Alitumia dawa ya kutuliza ulinzi wa mwili, na mtu wa namna hiyo hapaswi kutumia mmea unaosemekana kuuchochea ulinzi huohuo. Majira ya baridi moja viungo vyake vilivimba vibaya, ini likaonyesha matatizo, akalazwa. Nilipofungua mkoba wake kutafuta kadi, nilikuta bahasha yenye vipande vya mzizi mkavu. Nilitafuna kimoja papo hapo, nikiwa nimesimama kwenye ujia wa hospitali. Ulimi wangu ulilala.

Jirani yetu, Mtanzania mwenzangu, alikuwa amekuja kumjulia hali. Akatazama bahasha. "Si za Mkunga hizo?" akasema. "Nani mwingine anazo?"

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja nzima. Sikumwuliza mke wangu, kwa kuwa alikuwa na homa. Sikumwuliza Mkunga, kwa kuwa nilikuwa na hasira. Jumapili ile, baada ya ibada, katika ukumbi tunaoukodi kwa kahawa, nilisimama nikasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba yumo miongoni mwetu mtu anayegawa mizizi kwa wagonjwa bila kuuliza wanatumia nini, kwamba mke wangu yuko kitandani kwa sababu yake, na kwamba mwenye akili asikanyage tena kishamba kile.

Mkunga alikuwa safu ya pili, kikombe mkononi. Aliniangalia, si kwa hasira. Kama mtu anayesubiri mwingine amalize kukohoa.

"Muzee," akasema, "mama eko salama?"

"Anaendelea."

"Basi, Mungu asifiwe."

Aliweka kikombe, akachukua koti, na tulisikia vile viatu vyake hadi nje.

Hakujitetea siku ile wala siku nyingine. Nami niliuchukua ukimya wake kuwa ungamo, jambo ambalo ningemfukuzia mwanafunzi maabarani kama angelifanya kwa kipimo. Watu waliacha kwenda. Kwa majira matatu ya joto nilipita na treni nikaona safu zile tatu za maua zimesimama bila mtu kuzigusa, na Mkunga ameinama kwenye viazi. Tukikutana stesheni, alinisalimu. Mimi niliitikia kwa kichwa.

Mke wangu alipona, akaishi. Aliniambia ukweli miaka kadhaa baadaye, jikoni kwetu, akimenya ndizi, bila utangulizi.

"Baba, ile mizizi Mkunga hakunipa."

"Ulipata wapi?"

"Nilimwomba mara tatu. Kila mara alisoma dawa zangu akakataa. Ya tatu alisema nikiomba tena atanifukuza. Basi alipokwenda kuteka maji bombani, nikachimba mwenyewe. Aliporudi akaliona shimo. Alinishika mkono akaniambia niende nikakuambie wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

Aliendelea kumenya. "Ningekuambia nini? Kila nikisema naumwa, wewe unauliza vipimo vinasemaje. Vipimo vilikuwa vizuri, Baba. Mimi ndiye niliyekuwa naumwa."

"Na nilipomsimanga mbele ya watu?"

"Nilikuwa hospitali. Niliposikia, nilimwendea kumwomba asiseme. Akaniambia hakuwa na mpango wa kusema." Aliweka kisu chini. "Nilikuwa nakwenda kwake kila Alhamisi, hata baada ya hapo. Wewe ulidhani niko mazoezini."

Mke wangu alifariki majira ya kuchipua yaliyofuata, kwa moyo, usingizini. Nami, ambaye wajibu wangu ulikuwa wazi kama mchana, niliuahirisha. Nilijiambia kwamba ni msiba, kisha kwamba ni majira ya baridi, kisha kwamba waliosikia maneno yangu wamehama. Nilipokuja kusimama tena katika ukumbi ule nilikuta nusu ya watu ni wageni kwangu, na vijana waliulizana kwa Kiswidi mzee huyu anasema nini. Nilisema hata hivyo. Nilisema kwamba Mkunga hakumpa mke wangu mzizi. Kwamba alimkatalia mara tatu. Kwamba nilimshutumu kwa neno la jirani. Na kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa na jibu mdomoni akalimeza, kwa sababu jibu lile lilikuwa siri ya mgonjwa wake.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwona. Alikuwa amehamia nyumba ya wazee, hapohapo Tumba. Nilimkuta sebuleni, dirishani, miongoni mwa mabibi watatu wa Kiswidi na televisheni isiyo na sauti. Alikuwa amepungua sana. Miguuni alikuwa na soksi nene za sufu.

"Muzee wa maabara," akasema. "Nimesikia ulisimama."

"Nilisimama."

"Banasema ulisema vizuri."

"Nani amekuambia?"

"Batu." Akatabasamu kidogo. "Lakini miye sikuona. Na weye ulitufundisha sisi wote hapa, mambo ya kusikia tusiyapokee. Basi simama, useme nikiwa ninaona."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilisimama katikati ya sebule ile, na koti langu mkononi, nikayasema yote tangu mwanzo, kwa sauti ile niliyoitumia ukumbini. Mabibi wa Kiswidi walinitazama kwa adabu kubwa. Msichana mhudumu alisimamisha kigari cha kahawa mlangoni, akangoja nimalize. Ulimi wangu ulikwama mahali pamoja, nilipofika kwenye neno "nilimkosea", nikalirudia.

Mkunga alisikiliza akiniangalia usoni. Nilipomaliza aliinamisha kichwa mara moja, kama anayepokea mzigo uliofika mzima. "Imefika," akasema. "Keti."

Niliketi. Kisha nikamwuliza lile ambalo, nakiri, ndilo lililonipeleka pale kuliko msamaha. Nilimwuliza mke wangu alikuwa akimwambia nini zile Alhamisi zote.

"Ile haiko yangu," akasema.

"Mama, amekufa. Hakuna tena wa kumdhuru."

"Akiwa muzima ungemuuliza, na yeye mwenyewe angekuambia hapana. Sasa hawezi kusema hapana. Lazima mutu mwingine amusemee."

Niliishi na mwanamke yule miaka arobaini na mmoja, na sehemu yake iliyobaki duniani nisiyoijua ilikuwa imeketi mbele yangu ndani ya soksi za sufu, ikikataa. Nilianza kuvaa koti. Mkono mmoja ukaikosa njia yake, na Mkunga akanyoosha wake akaushika ukosi wa koti, akaniongoza.

"Ngoja," akasema. "Yake sitakupa. Yangu naweza. Alhamisi ilikuwa siku yangu ya kungojea. Asubuhi nilikuwa natafuta kitambaa kizuri. Bibi yako alikuwa anachekesha sana."

"Mke wangu?"

"Sana, Muzee. Siku ingine nilikuwa naanguka kwenye viazi."

Nilikaa tena chini, koti likiwa begani upande mmoja. Katika miaka yote ile sikumbuki kumwona mke wangu akimchekesha mtu hadi aanguke. Nilimtazama Mkunga, naye akanitazama.

Sikumwuliza ushahidi.